Kinyago cha Delma

Jioni ile nilikuwa na kazi moja ndogo tu: kuchoma kinyago cha dada yangu Delma.

Sherehe ya kumuaga ilikuwa imekwisha. Nguruwe wameliwa, wageni wamepanda malori kurudi mjini Kavieng. Kwetu kinyago cha marehemu huchongwa kwa miezi, huchezwa siku moja, kisha huchomwa kabla jua halijazama, ili mwenyewe aende zake. Kisipochomwa, haondoki. Na Delma, aliyekutwa amezama kwenye maji ya magotini, alikuwa na sababu ya kubaki.

Mumewe, Gerson, alinikuta uani nikikusanya makumbi ya nazi ya kuwashia moto. Ni mpiga picha, zile za maonyesho: watu wamevaa vinyago, wameketi vitini kama wanaosubiri chai. Huko Brisbane watu huzitundika sebuleni.

"Shemeji, picha moja tu. Gauni lake nimelitandika kitini mwake, humo ndani. Wewe vaa kinyago, mimi nipige."

"Jua linazama, bwana."

"Acha uoga! Si linazama kila siku?"

Nilimchukia tangu mazishini, alipolia bila machozi. Lakini niliingia naye ndani, nikakivaa. Ndani ya kinyago kulinuka chokaa, halafu...

Mafuta ya nazi. Yale ya Delma, yenye maua ndani.

Mikono ikanifa ganzi, hata huu wenye kovu la panga sikuusikia. Nikakivua upesi, nikakiacha kitini juu ya gauni, nikarudi uani kuwasha moto.

Nyuma yangu kamera ikalia. Chaka!

"Vizuri, shemeji. Inua kidevu."

Nikageuka. Mlango ulikuwa umerudishwa.

Chaka!

"Sasa mbona unasimama? Kaa, bwana!"

Mimi nilikuwa uani, kumbi linawaka mkononi.

"Shemeji..." Sauti ikashuka, ikawa mnong'ono. "Delma? Mke wangu, sikukusudia. Nilikushika shingo kidogo tu..."

Nilijua la kufanya. Niingie, nikitie moto kile kinyago, yaishe. Mlango haukuwa na komeo.

Nikaketi. Nikatafuna popoo langu taratibu, nikatema mate mekundu mchangani. Nilifurahi, sitawaficha.

Alipopiga ukelele sikuinuka.

Kulipotulia niliingia. Gerson alikuwa kitini, amekufa, kinyago usoni, nguo zinachuruzika maji ya chumvi. Nikamvua kinyago, nikakichoma. Harufu ya mafuta ikaondoka na moshi. Delma amekwenda zake, naamini hivyo.

Polisi walipofika usiku, wakanionyesha kamera yake. Picha ya mwisho: Gerson kitini, na nyuma yake mikono miwili imemkaba shingo.

Mmoja una kovu la panga.

"Nilikuwa nje," nikawaambia. "Nilitema popoo pale uani, nendeni mkaone!"

Wakaenda na tochi. Nikawafuata.

Mchanga ulikuwa mweupe, hauna hata tone.