Ukanda wa Mpira Kwenye Ndege ya Gakwaya

Ndugu zangu wa Masisi na Walikale, tegeni sikio, maana jambo hili linatuhusu sote. Jumapili ile kule Nyamitaba asubuhi ilikuwa tulivu. Ng'ombe walikwisha kukamuliwa. Watu walitoka kanisani wakiimba, wakaenda moja kwa moja malishoni kwa Papa Gakwaya, fundi wa pikipiki, kutazama ndege aliyoiunda kwa mikono yake kwa miaka minne.

Hakuwa akifanya mchezo. Dada yake Anastasie alifariki msituni, njiani kutoka Itebero, akiwa amebebwa siku mbili kwenye tipoyi, machela ya miti, kwa uchungu wa kuzaa. Tangu hapo Gakwaya aliapa kupata njia ya kupita juu ya ule msitu. Binti yake Uwitonze, mkunga, ndiye angekuwa abiria wa kwanza, na tayari alikuwa ameketi kiti cha nyuma.

Ilibaki kazi moja: waya wa kuongoza elisi, lile panga linalozunguka mbele. Rubani akisukuma kishikio, waya huo hugeuza mapanga ili yakamate hewa. Unatakiwa kubanwa kando ya injini kwa kola, pete ya chuma ya kubania, na Sébastien, fundi wa ndege wa Goma, aliahidi kuileta Jumatano. Lakini watu walikuwa wamealikwa Jumapili! Basi Gakwaya akafanya tunavyofanya wote: akakata ukanda wa mpira wa pikipiki, akaufunga waya, akakaza. Tusimcheke. Nani kati yetu hajafunga chukudu, kile kigari cha mbao cha kubebea viazi, au mlango kwa mpira huo?

Mkewe, Mama Daphrose, aliinama akachungulia chini ya injini.

“Papa Uwitonze, hii mupira iko inafanya nini hapa?”

“Itashika tu, mama. Artikle kumi na tano: ujipange na kile kiko!”

“Kila asubui niko nawasha makala ya jiko na hii mupira. Na weye unaiweka karibu na moto?”

“Batu banatuangalia,” Gakwaya alinong'ona.

“Baangalie! Mutoto wangu hataruka. Funga avio ku muti na kamba za ng'ombe, uwashe, ingurume mpaka maziwa yangu ichemke. Mupira ikishika, mi mwenyewe nitaimba.”

Gakwaya alikasirika, na watu walicheka. Daphrose aliketi mbele ya gurudumu, akagoma kuondoka mpaka Uwitonze aliposhuka na kamba zikafungwa. Kisha akaenda kando, akabandika sufuria ya maziwa, na Gakwaya akawasha injini.

Maziwa hayajachemka, harufu ya mpira unaoungua, ile ya jikoni kila asubuhi, ikaenea malishoni. Moshi mweusi ukatoka. Gakwaya alisukuma kishikio, elisi haikutii. Injini ikapiga yowe na ndege ikazivuta kamba. Akazima. Alipofungua kifuniko, mpira ulikuwa umeyeyuka, na waya umelala juu ya bomba la moshi, umeungua.

Aliketi kwenye majani, akalia mbele ya wageni wake.

“Daphrose, ningeua mutoto wetu.”

“Haukumuua. Simama. Siku ya Jumatano tutafunga kola.”

Na waliifunga. Wakaiwasha ndege ikiwa kwenye kamba asubuhi tatu mfululizo. Siku ya nne Gakwaya aliruka peke yake. Wiki iliyofuata Uwitonze alipanda na sanduku lake la kazi, na siku hiyo hiyo alimzalisha mama mmoja kule Itebero.

FUNDISHO

Wenzangu, umaskini umetufunza kusema “itashika tu,” nasi tumeligeuza neno hilo kuwa sifa. Kwenye chukudu sawa: mpira ukikatika, unaokota viazi vyako. Kazi iliyobeba uhai wa mtu inataka kifaa chake, na kisipokuwepo, ingoje. Haraka haraka haina baraka, tunasema kila siku, halafu tunakimbia. Nawe baba, mkeo akikuzuia mbele ya watu, imeze hiyo aibu. Aibu ya Gakwaya ilidumu siku tatu. Kaburi la Uwitonze lingekuwepo mpaka leo.