Sampuli Namba Moja

Kila ifikapo wiki ya tatu ya Novemba, chini ya jengo la ghorofa hamsini na nne jijini Seoul, Kilinganishi huamshwa. Mtambo huo una mikono ishirini na minne ya chuma laini, na kwa asubuhi moja huosha kabichi elfu nane, huzitia chumvi na kuzipaka pilipili, jani kwa jani, bila kudondosha tone sakafuni. Kufikia saa sita mchana kila kaya huwa imeletewa kopo lake la kimchi ya majira ya baridi. Makopo yote yanafanana, na ladha ni moja.

Kwa asiyeijua, kimchi ni kabichi iliyochachushwa kwa chumvi, pilipili na kitunguu saumu, na Mkorea yuko radhi akose nyama mezani kuliko kuikosa hiyo. Zamani kila nyumba ilikuwa na yake, na balaa ilianzia hapo. Bi harusi alisemwa kwa sababu ya kimchi yake. Mtoto alichekwa shuleni kwa harufu ya chakula chake. Injinia Pyo Da-on, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mwenye miwani mizito na subira kidogo, ndiye aliyekata shauri kuimaliza aibu hiyo. Alitengeneza vijiko-onji, vijiko vyenye vihisio vinavyopima chumvi, ukali na uchachu wa chakula, akavigawa nchi nzima. Hoja yake ilikuwa rahisi: mtu hupika anachokipenda. Meza milioni kumi na mbili zikapimwa, ukapatikana wastani ulioitwa ladha ya kati, ambao Da-on aliunda Kilinganishi kuupika, na tangu hapo hakuna aliyechekwa tena. Da-on alijivunia jambo hilo, na haki yake.

Mwaka huo, hata hivyo, kijiko cha nyumbani kwake mwenyewe kilianza kuleta taarifa mbaya. *Nyumba 3107. Tak Bo-ra, miaka 81. Hamalizi chakula. Siku ya arobaini.* Huyo alikuwa mama yake. Bibi kizee alikuwa amekonda hadi pete ikawa inamvuka kidoleni, na daktari hakuona ugonjwa wowote.

"Mama, kula japo kidogo," Da-on alimwambia kila jioni.

"Nakula, mwanangu. Si unaona?" mama alijibu, akisogeza kimchi kutoka upande mmoja wa sahani hadi mwingine.

Da-on akaamini ameshaujua ugonjwa: mama aliikumbuka ladha ya zamani. Na kusema kweli, yeye mwenyewe aliikumbuka mno. Aliukumbuka ua wa bibi yake mzaa baba huko Suwon, wanawake wa ukoo wamechuchumaa kuzunguka mabeseni, glavu za mpira za rangi ya waridi hadi viwikoni, mvuke ukiwatoka midomoni kwa baridi. Mama yake alikuwa akichana jani la kwanza kutoka katikati ya kabichi, akalikunja na kumtia Da-on mdomoni kwa mkono wake. "Vipi?" aliuliza. "Tamu!" Da-on alipiga kelele, na wanawake wote wakacheka. Jani lile lilikuwa baridi na laini, na utamu wa tunda la peasi ulikuja nyuma ya pilipili. Ladha hiyo ndiyo iliyokuwa sampuli namba moja, kutoka meza ya mama yake, meza ya kwanza kabisa aliyoipima Da-on alipoanza kazi. Sasa ilikuwa imeyeyuka ndani ya wastani kama kikombe cha chai kilichomwagwa kwenye pipa la maji.

Lakini vipimo vilikuwa vimehifadhiwa. Jumamosi moja asubuhi alivichukua, akanunua kabichi nne, peasi na uduvi wa chumvi, akajifungia bafuni na kupika kwa mikono yake. Kisirisiri, ndiyo, kama mwizi. Chama cha wakazi kilikuwa kimekubaliana kwamba hakuna kuchachusha nyumbani, na mabomba ya hewa yalikuwa na vipimaharufu. Nyumba iliyokiuka iliandikwa kwenye ubao wa lifti kwa siku thelathini, kila jirani aisome akipanda na akishuka. Kwa mtu aliyeunda Kilinganishi, hiyo ingekuwa fedheha ya kumkosesha kazi. Bahati yake, kimchi ile ilikuwa ya upole na harufu haikufika mbali.

Alimwita mama yake bafuni, akachana jani la kwanza, akalikunja, akamtia mdomoni.

"Vipi, Mama?"

Mama alitafuna polepole. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akajishika mbavu.

"Hii ni ya bibi yako! Uduvi, peasi, kila kitu. Umeipatia barabara." Akajifuta macho. "Miaka thelathini na minne niliipika hii. Sikuipenda hata siku moja."

Da-on akaweka kabichi chini. "Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mama mkwe aliyenifundisha, au baba yako aliyekua nayo? Nilipoolewa niliambiwa, katika nyumba hii tunapika hivi. Nikapika hivyo."

"Ungeniambia mimi. Nilikuja na kijiko mpaka mezani kwako!"

"Ulikuja na kijiko, ndiyo. Ukapima, ukaandika, ukafurahi sana. Hukuniuliza."

Alilisema bila kinyongo, na hilo ndilo lililomuuma Da-on zaidi. Aliketi kwenye ukingo wa bafu, glavu mkononi, akawaza juu ya wanawake waliochuchumaa kule uani. Wake wa baba zake wadogo, kila mmoja ametoka mkoa wake na kwa mama yake. Wangapi kati yao walikuwa wakipika kwa shingo upande? Na katika zile meza milioni kumi na mbili? Aliona aibu, na alisikitika pia, maana kumbukumbu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa imebeba ukimya wa mama yake na yeye hakujua.

"Yako ilikuwaje, Mama?"

"Kwetu kusini, pwani, tulitia vipande vya samaki mbichi, yule mrefu mwembamba kama mkanda. Na majani ya banga, mnanaa wa kwetu, yananuka hadi nje ya geti. Mara ya mwisho niliila vuli ya kabla ya harusi yangu." Akaitazama mikono yake. "Sijui kama hii inakumbuka bado."

Ilikumbuka. Da-on alikwenda soko la samaki na kurudi, na mama akaketi sakafuni mbele ya beseni, akiamrisha: chumvi zaidi, usione haya na pilipili, hapo sasa. Harufu ilipanda, ikaingia kwenye bomba la hewa. Haikupita dakika kumi simu ya ukutani ikalia. Alikuwa Bwana Maeng, mwenyekiti wa chama cha wakazi, mtu muungwana asiyependa kumtia yeyote aibuni.

"Samahani sana, Injinia Mkuu. Ubao umeandika 3107. Bila shaka ni hitilafu ya kipimaharufu? Ukiniambia ni hitilafu, nafuta sasa hivi. Hakuna atakayejua."

Neno moja tu lilitakiwa. Da-on alimtazama mama yake. Mama alikuwa ameinamia beseni, ameshaacha kupaka pilipili, akisikiliza bila kuinua uso.

"Kipimaharufu ni kizima, Mwenyekiti," Da-on alisema. "Mama yangu anapika kimchi. Uache ubao kama ulivyo."

Akakata simu. Mama alichana jani la kwanza, akalikunja na kipande cha samaki ndani, akalipeleka mdomoni kwa binti yake.

"Vipi?"

Ilikuwa kali ya kutoa machozi, ya chumvi, yenye harufu ya samaki na majani asiyoyajua. Neno lile la Suwon, "tamu", lilikuwa tayari ulimini. Da-on alilimeza pamoja na jani.

"Siipendi, Mama. Ni kali mno."

Bi Tak Bo-ra alimtazama, na uso wake ukachanua.

"Mimi naipenda," alisema. Akavuta bakuli la wali karibu, akaanza kula.