Bafta ya Bi Mwanaidi

Doa lilikuwa kona ya chini, mkono wa kushoto, dogo kama alama ya dole gumba. Watu waliojazana kwenye banda la video la Hussein, nyuma ya soko la Kilosa, hawakulijali. Mpira ulikuwa dakika ya sabini na picha ilikuwa safi kuliko walivyozoea. Hussein peke yake ndiye aliyeliona. Akafuta lensi ya projekta kwa kitambaa laini, doa likabaki. Akafuta tena. Hapo ndipo harufu ya karafuu maiti ilipompanda puani, na harufu ile alijua imetoka wapi.

"Hussein, bwana, leo umefukiza nini humu?" mmoja akauliza. "Utadhani tuko msibani!"

Watu wakacheka. Hussein naye akacheka, kicheko cha mwizi.

Nasema mwizi kwa sababu sina jina jingine la kumpa. Ile projekta aliinunua Mikumi, loji moja ya watalii ilipobadilisha vifaa vyake, na mwezi mzima picha yake ilikuwa kama uji: imefifia, imepinda, rangi zimechuja. Brayan, fundi wa Mikumi aliyemfungia mashine hiyo, akamwambia kwa simu, "Kaka, mashine nzima. Ukuta wako ndio mbovu. Tafuta bafta nyeupe, nzito, isiyong'aa, isiyo na mshono, uikaze kama ngoma." Bafta za madukani zilikuwa nyepesi, mwanga unapita ukaishia nyuma. Hussein akakumbuka sanduku la mama yake.

Wazee wetu wengine huiandaa sanda yao mapema. Bi Mwanaidi, mama yake Hussein, ya kwake aliletewa na ndugu aliyekwenda Hija. Ilichovywa maji ya zamzam, ikakunjwa na karafuu maiti, ikalazwa chini kabisa ya sanduku kwa miaka kumi na miwili. Kila mwaka, kabla ya mwezi wa Ramadhani, aliitoa akaianika kivulini, kisha akairudisha. "Hii nguo yangu ya safari," alikuwa akisema. "Sitaki kumsumbua mtu." Hussein alingoja mama yake aende kwenye maulidi kwa jirani, akaitoa, akakunja mashuka mawili akayaweka mahali pake. Ligi ikiisha nitairudisha, alijiambia, na mama mwenyewe mzima! Akaitundika ukutani kwa misumari, kila shubiri msumari mmoja. Aibu ilimshika palepale juu ya ngazi. Lakini picha ilipotoka nzuri, aibu aliimeza.

Doa likaanza kukua. Wiki ya pili lilikuwa ukubwa wa kiganja. Wiki ya tatu likawa refu, na wateja wakaanza kunung'unika. Akamwita Brayan.

Walifanya kazi Alhamisi mchana. Wakafunga mlango, wakaziba madirisha kwa nailoni nyeusi, banda likawa giza tupu saa nane mchana, huku nje bodaboda zikipiga honi. Brayan fundi kweli, hilo nalisema. Aliisawazisha mashine mezani kwa vipande vya mbao, akapuliza vumbi kwenye chujio, akanyoosha pembe za picha mpaka zikakaa sawa na kitambaa, kisha akaanza kuzungusha fokasi, pete ya lensi, taratibu.

"Oya, inakuja," akasema.

Ilikuwa inakuja kweli. Kila alipoitengeneza picha, doa nalo lilitengenezeka. Alipozungusha fokasi likapata kingo. Alipopunguza mwangaza ili weusi ukolee, lenyewe likazidi kuwa jeupe. Alipoweka rangi sawa wakaona ni mtu, amelala ubavu wa kuume, amefungwa kichwani na miguuni, kama anavyolazwa maiti kaburini.

Brayan akaiacha fokasi. Akafunika lensi kwa kifuniko chake, banda likazama gizani, na yule mtu bado yuko ukutani. Akachomoa waya wa umeme. Feni ya mashine ikazunguka, ikapungua, ikanyamaza. Yule mtu bado yuko.

"Kaka Hussein," Brayan akanong'ona, "hiki kitambaa umekitoa wapi?"

"Dukani."

Na neno lile lilipomtoka, kitambaa kikaanza kukwaruza ukuta, kwaru, kwaru, kama mtu anayejigeuza kitandani, na harufu ya karafuu maiti ikajaa mpaka ikawasha machoni, na kile kichwa kilichofungwa kikainuka polepole kutoka kwenye kona yake, kikageuka, kikampita Brayan aliyekuwa karibu zaidi, kikaja mpaka kikamwelekea Hussein, hakina jicho wala mdomo, lakini Hussein alijua kabisa kwamba anatazamwa, na anayemtazama amesikia uongo wake.

Brayan alitoka mbio, mkoba wake wa bisibisi akauacha.

Maalimu Kibwana, anayesomea watu wenye majini, aliitwa kutoka Kidodi, akafika Jumamosi asubuhi. "Shikamoo Maalimu." "Marahaba." Hussein akamweleza yote, macho chini. Maalimu alisoma mle bandani hadi adhuhuri, akatoka amelowa jasho.

"Sanda iliyonuiwa ni nyumba," akasema. "Mwenye nyumba hajahamia, wewe ukaenda kuifungua mlango. Jini kapita, kaona pako wazi, kaingia. Nimemtoa. Lakini ili asirudi, mambo mawili. Uirudishe kwa mkono wako, na useme kwa mdomo wako: mama, nilichukua mimi."

"Yote mawili, Maalimu?"

"Kwani tuko sokoni, tunapatana? Yote mawili! Akirudi, atarudi na sura unayoijua. Na wewe, kumbuka, mficha maradhi kifo humuumbua."

Hussein alitimiza moja. Aliirudisha sandukuni mama yake akiwa msikitini. Jioni akasimama mlangoni kwa mama yake.

"Mama..."

"Naam, mwanangu."

"Nauliza kama umekula."

Akaupaka ukuta wa banda rangi nyeupe, na picha ikatoka bila doa. Wateja wakarudi. Hussein akajiona mjanja.

Siku za kuanika zilipofika, Bi Mwanaidi alimwita barazani. Alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, sindano mkononi. "Nitungie uzi, mwanangu. Macho yangu haya." Uzi ulikuwa mweupe. Hussein akatunga. Kesho yake akamwita tena, na kesho kutwa, siku nne mfululizo.

"Unashona nini, mama?"

"Vitu vyangu."

Hakuuliza zaidi. Mungu amsamehe, aliogopa jibu.

Ramadhani ilipokwisha mama akaugua. Siku tatu za mwisho sauti yake ilikuwa ndogo. Akamshika Hussein mkono, akamwuliza taratibu, "Hussein, una neno la kuniambia?"

Nafasi gani nyingine mtu anaitaka? Chumbani walikuwa wawili tu.

"Sina, mama."

"Haya, mwanangu," akasema Bi Mwanaidi, akageukia ukutani. Alifariki alfajiri.

Wanaume walikuwa wamekaa uani kwenye mikeka wakati dada yake mkubwa, Zaituni, alipotoka chumba cha kuoshea maiti na bafta mikononi. Alikuja mpaka mbele ya Hussein.

"Hii sanda ya mama imetobolewa pembeni yote," akasema. "Kila shubiri tundu. Na kila tundu limeshonwa kwa mkono. Angalia, mishono mingine imekwenda kombo, hakuwa anaona. Nani ameitoboa?"

Hussein aliihesabu ile mishono kwa macho. Alitaka ardhi ipasuke immeze.

"Labda panya, dada."

"Panya gani anayetoboa kwa mstari?" Zaituni akaikunja bafta, akarudi ndani. Bi Mwanaidi akazikwa katika sanda ileile.

Arobaini ilipopita, Hussein akafungua banda. Watu wakajaa, wakampa pole, wakakaa kwenye mabenchi. Akawasha projekta. Kona ya chini, mkono wa kushoto, kulikuwa na doa.

"Hussein, rekebisha picha!"

Akashika fokasi, akazungusha. Safari hii mtu hakuwa amelala. Alikuwa ameketi, miguu ameinyoosha kama mwanamke aliye mkekani, nguo nyeupe imemfunika mapaja, na mkono wake unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Mtu mmoja akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini.

Hussein akaacha mashine, akapita katikati ya watu, akasimama kwenye mwanga, kivuli chake kimeangukia miguu ya yule aliyeketi.

"Mama," akasema, na kila mtu bandani akasikia, "nilichukua mimi."

Mkono ukasimama. Kisha ukanyooka kutoka ukutani, ukamjia, vidole viwili vimeshika sindano isiyo na uzi, ukabaki hapo ukimngoja.