Aliyenawishwa

Taulo lilikataa kukauka. Lilikuwa taulo la kuwafutia wazee mikono baada ya kula, la bluu, limechakaa pembeni, na Sista Ida alikuwa amelianika tangu Jumatatu. Ijumaa bado lilikuwa linachuruzika. Akalikamua, akalipiga pasi ya mkaa mpaka likatoa moshi, akalitundika ndani. Jumamosi asubuhi palikuwa na kidimbwi chini yake, na maji yale yalinuka usipa.

Usipa, huku juu milimani! Nyumba ya wazee iko upande wa Litembo, kwenye baridi na kahawa, ambako leo ni maharage na kesho ni maharage. Aliyekuwa akiwataja hao dagaa wa Ziwa Nyasa kila siku ya Mungu ni mmoja tu, Mzee Hyasinti, karani wa zamani wa bandari kule ziwani. Naye walikuwa wamemzika Jumatatu hiyohiyo.

"Labda ni panya, Sista," alisema Mwalimu Lidia, kiongozi wa kikundi cha kujitolea cha parokia.

"Panya gani ananuka ziwa, Mwalimu?"

Lidia alicheka kidogo. Yeye alijua.

Katika nyumba ile walikula kwa desturi ya Wamatengo ya sengu, watu wote mahali pamoja. Kila mzee hunawishwa mikono na mtu, na mtu huyohuyo hula naye sahani moja. Aliyenawishwa amekwisha kualikwa. Hajifuti, hashiki kitu, hata nzi akitua puani, mpaka apewe tonge la kwanza. "Ukimmwagia mtu maji, mwanangu, umemwahidi," Bibi Gertruda alimfundisha Lidia siku yake ya kwanza pale.

Sasa, Jumamosi ya mwisho ya Mzee Hyasinti, zamu ya kumnawisha ilikuwa ya Loveth, mshona nguo, mwanakikundi mwenzake Lidia. Lidia akamwambia aende tu akafue mashuka, yeye atampokea zamu. Alikuwa na pakiti ya usipa kwenye mkoba, alitaka kumfurahisha babu kwa mkono wake. Akamnawisha. Mzee akanusa mkoba, akacheka kwa ufizi mtupu. Mara ikaingia gari ya wageni walioleta mablanketi, na mtu akaita, "Mwalimu, njoo kwenye picha!"

"Subiri kidogo, Babu. Nakuja sasa hivi."

Picha ikawa picha kumi. Baada ya picha wageni wakasema pilau liko mjini Mbinga, pandeni. Njiani, katikati ya mashamba ya kahawa, Lidia aliona pakiti ya usipa kwenye mkoba, akamkumbuka mzee. Angeweza kusema simamisheni gari. Alisema moyoni kwamba Loveth yupo, atamlisha. Saa kumi na moja jioni Sista Ida alimkuta Mzee Hyasinti kitini, ameinyoosha mikono mbele, amekwisha kupoa. Usipa wenyewe Lidia aliwala Jumapili kwa ugali, na walikuwa watamu.

Basi mchana wa Jumamosi ya taulo, Lidia akamwagia maji Bibi Gertruda, wenzake wakawanawisha wengine, na alipopita kwenye kiti kitupu cha Mzee Hyasinti akasikia to, to, to, maji yakidondoka sakafuni pasipokuwa na mtu, akasogea haraka, na matone yakamfuata nyuma ya kisigino, na harufu ya usipa ikapanda mpaka macho yakamwasha, na alipogeuka akaona wazee wote kumi na mmoja wameinyoosha mikono iliyolowa, hakuna anayegusa sahani.

"Kuleni basi, Bibi," alinong'ona.

"Tunamsubiri mwenzetu," Bibi Gertruda akajibu, taratibu kabisa. "Bado hajapewa."

Hawakula siku ile. Hawakula Jumapili wala Jumatatu, hata uji. Padri alikuja akanyunyiza maji ya baraka, maji juu ya maji, akaondoka amekunja uso. Jumanne wazee wawili hawakuweza kuinuka. Jumatano Sista Ida alimeza aibu yake ya utawa, akamwita Placidi, mganga wa Tingi.

Placidi alishuka kwenye bodaboda na mkoba wa dawa. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akaufunga mkoba.

"Huyu si jini wa kufukuzwa," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ni mgeni aliyealikwa. Aliyemnawisha ndiye wa kumlisha. Ni nani?"

Sista Ida alifungua daftari la zamu. "Loveth."

"Haki ya Mungu, Sista, mimi nilikuwa nafua!" alisema Loveth. "Mwalimu, si wewe uliyenipokea?"

Lidia alitazama viatu vyake. "Sikumbuki, dada."

Alisema hivyo, mwalimu, kiongozi, mwanakwaya. Wakamkalisha Loveth mbele ya kiti kitupu na sahani ya ugali na usipa walioagizwa Mbinga. Akafinyanga tonge huku analia, akalinyoosha. Tonge likarushwa ukutani, likanata pale likichuruzika. Bibi Gertruda akaguna, akaanguka kutoka kwenye kiti, midomo imekuwa ya kijivu.

"Si huyo," alisema Placidi. "Na huyu bibi hafiki jioni."

"Ni mimi!" Lidia alipiga kelele. "Nilimnawisha, nikamwacha. Nilikwenda kula pilau. Nilimkumbuka njiani na sikurudi!"

Aliketi, akafinyanga tonge, akalinyoosha kwenye hewa tupu. Ufizi wa baridi ukavibana vidole vyake, ukalichukua tonge polepole, kiungwana. La pili likaenda, na la tatu, mpaka sahani ikawa nyeupe. "Nisamehe, Babu," alikuwa akisema kila tonge. Nyuma yake akasikia sauti aliyoiombea siku tano: wazee wakitafuna. Bibi Gertruda alikuwa amekaa, anaomba aongezewe mboga.

Watu wakakumbatiana. Placidi akapanda bodaboda yake. Hakuna aliyemwona Lidia, bado yuko mezani, jagi lilipoinama lenyewe na maji yakaanza kumwagika. Alinyoosha mikono kwa mazoea. Kando ya sikio lake mtu akasema kwa upole:

"Subiri kidogo, mjukuu wangu. Nakuja sasa hivi."

Taulo lilikauka siku ileile. Mikono ya Lidia haijakauka. Chaki inayeyuka vidoleni, daftari za wanafunzi zimevujisha wino, na shule imempa likizo. Loveth, ambaye angekuwa na haki ya kumsusa, ndiye anayemletea uji kila mchana na kumwekea kijiko mdomoni. Lidia amekonda mpaka pete imemtoka. Hugeuza uso, mikono imenyooka mbele, inadondoka to, to, to.

"Asante, dada," humwambia, macho mlangoni. "Kuna mtu ameniambia nisubiri."