Mbegu Iliyotiwa Dawa

Enyi wasomaji wapya, kaeni vizuri kwenye benchi. Hadithi hii ni nzito. Ina hekima, ina maonyo, na mwandishi wake amesoma shule ya bweni, ambako watu huamka kwa kengele, hula kwa kengele na hutubu kwa kengele. Hadithi hii kubwa inaanza na sufuria.

Sufuria ilikuwa tupu.

Mama yangu aliiosha kila asubuhi, ingawa haikuwa imepikiwa kitu.

"Mama, imeng'aa kama kipara cha mwalimu mkuu," nilimwambia.

Hakucheka. Siku hizo nyumbani kwetu nilicheka peke yangu, na nilicheka kwa sababu sikujua kufanya kitu kingine.

Mvua za kwanza zilikuja, zikatuonja, zikaondoka. Mahindi yalifika kimo cha kidole, yakakauka. Baba alikwenda kutafuta kibarua na hakuleta habari. Tulibaki watatu: mama, mimi niliyekuwa likizoni, na mdogo wangu wa kike. Tulimwita Kitinda kwa sababu ndiye wa mwisho. Tumbo lake lilikuwa kubwa, miguu yake vijiti, na akilala alisaga meno.

"Ana minyoo," mama alisema.

"Minyoo nayo ina bahati mbaya. Imehamia nyumba isiyo na chakula."

"Nyamaza, mwanangu. Mdomo wako haujui likizo."

Kijijini kwetu kuna misheni. Haina jengo la kujivunia. Kanisa ni la udongo na bati, na ofisi ni chumba nyuma ya madhabahu. Lakini ina kazi tatu: inakopesha, inafundisha kilimo, na inafundisha watu wazima kusoma. Kina mama huziita mafiga matatu. Ukiondoa moja, wanasema, chungu kinamwagika.

Mama alikuwa kwenye kikundi cha wanawake wanne waliokopa pamoja. Mmoja akishindwa, wenzake wanambeba. Safari hii hawakukopa fedha. Kila mmoja alikopeshwa mfuko wa mbegu za mahindi, apande mvua ikirudi, kisha arudishe baada ya mavuno.

Mifuko ililetwa na Bibi Shamba, mfanyakazi wa misheni wa mambo ya kilimo. Ni mwanamke mrefu mwenye viatu vya mpira na pikipiki yenye kikohozi.

"Mvua ikinyesha, pandeni siku hiyo hiyo," alisema. "Msingoje ya pili."

"Na isiponyesha, dada?" mama aliuliza.

"Tuombe inyeshe."

Alisema hivyo haraka, akawasha pikipiki. Vijiji vingine vilikuwa vinamngoja.

Mvua haikunyesha. Mfuko ulikaa kando ya kitanda, umefungwa, nasi tukaukodolea macho. Tulichemsha majani, na majani nayo yakaisha. Kisha Kitinda akaacha kulia. Mtoto mwenye njaa akiacha kulia, usifikiri amezoea.

Siku hiyo mama alifungua mfuko. Mbegu zilikuwa nyekundu, kama zimepakwa rangi ya kucha. Nje ya mfuko kulikuwa na maandishi. Mama alikuwa anajifunza kusoma kwa Katekista, mwalimu wa watu wazima pale misheni, na alikuwa amefika kwenye maneno mafupi. Aliweka kidole chini ya herufi, akasoma:

"I-me-ti-wa da-wa."

Neno dawa alilijua. Katekista alilifundisha mapema, kwa sababu limeandikwa kwenye mlango wa zahanati. Mama alidhani ni dawa ya minyoo. Akaona Mungu amemjibu mara mbili kwa mfuko mmoja, chakula na tiba. Maandishi mengine yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Hakuyafikia.

Aliosha nusu ya mbegu mpaka maji yakawa mekundu. Akayamwaga uani. Akazichemsha mbegu zikalainika, akampakulia Kitinda. Yeye mwenyewe alionja tu, ili mtoto ashibe. Mimi nilikuwa kwa Katekista, nachora herufi ubaoni na kula viazi vyake.

Niliporudi, nilimkuta Bibi Shamba amesimama uani kwetu. Alikuja kukagua mashimo ya kupandia, lakini hakufika shambani. Alikuwa anamtazama kuku wetu wa mwisho, aliyelala kando ya tope jekundu, miguu juu.

"Dada, maji haya yametoka wapi?" aliuliza.

"Niliosha mbegu." Mama aliinamisha uso. "Nisamehe. Mtoto alikuwa ananiishia mikononi."

"Amezila?"

"Amekula. Na dawa yake ya minyoo humo humo."

"Dawa gani ya minyoo?"

"Hiyo iliyotiwa kwenye mbegu."

"Nani alikuambia ni ya minyoo?"

Mama alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye.

"Nimeisoma mwenyewe," alisema.

Bibi Shamba alichutama mbele yake. Hakupaza sauti. "Dada, dawa hiyo si ya mtu. Inaua wadudu wanaokula mbegu udongoni. Ni sumu."

"Lakini wameandika dawa."

"Wameandika. Hata ya panya tunaiita dawa ya panya. Umewahi kuona panya aliyepona?"

"Nimeziosha. Nimezichemsha."

"Haiishi kwa maji wala kwa moto. Ndiyo maana wanazitia rangi nyekundu, ili asiyejua kusoma naye aogope."

Ndani, Kitinda alianza kutapika. Tulimkuta ameloa jasho, mate yanamtoka, macho yanazunguka. Mama alitaka kumtia kidole kooni.

"Usimtapishe kwa nguvu," alisema Bibi Shamba. "Sumu inaweza kuingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu. Mfute mdomo. Wewe kijana wa bweni, lete mfuko. Zahanati lazima wasome ni sumu gani."

Nilileta mfuko. Mama alipanda nyuma ya pikipiki, mtoto katikati, mfuko kwapani. Waliondoka.

Nilibaki na kuku. Mtu yeyote mwenye njaa angefikiria kumla, na mimi nilifikiria. Nilimfukia kwenye shimo refu. Shuleni tuliwahi kumzika panya kwa nyimbo na hotuba ya huzuni, nami nikiwa askofu. Kwa kuku huyu maneno hayakutoka.

Kitinda alirudi nyumbani akiwa hai. Alirudi mwepesi kama kapu, na mkono wake mmoja unatetemeka. Muuguzi alisema huenda utaacha, huenda hautaacha.

Mvua nayo ilinyesha wakati mama yuko zahanati. Aliporudi na mbegu zilizosalia mfukoni, wenzake walikuwa wamepanda. Walikuja kumpa pole, wakakaa sakafuni.

"Watu wengine hula mkopo kwa ujanja," mama aliwaambia. "Mimi nimeula kwa kijiko."

Mmoja alitoa kopo la mbegu zilizombakia. Wawili walisema nao wana watoto. Hawakusema uongo.

Bibi Shamba alikuwa amesimama mlangoni. "Kosa hili msimwachie yeye," alisema. "Nilimpa mbegu mtu mwenye njaa, nikamwambia azitazame tu mpaka mvua ije. Sikukaa hata kumsomea mfuko."

Tangu hapo misheni imebadili utaratibu. Mwenye njaa akikopeshwa mbegu, anapewa na mahindi ya kula. Mfuko hautoki ofisini kabla kikundi hakijausoma kwa sauti, mpaka herufi ndogo ya mwisho. Nyumbani mbegu zinatundikwa juu, mbali na watoto. Anayepanda ananawa kwa sabuni kabla ya kushika chakula. Mfuko mtupu hautiwi unga, unafukiwa.

Shamba letu lilizaa nusu. Tulirudisha mkopo, tukabaki na kidogo. Tunakula mara moja kwa siku. Nimeagizwa kumaliza kwa matokeo mema, na kwa kijiji chetu hayo ndiyo matokeo mema.

Aliyeniagiza ni Katekista. Darasa lake halina vitabu, basi niliporudi likizo nyingine aliniambia niandike kisa chetu ubaoni, kina mama wakisome. Nilikiandika jinsi ulivyokisoma wewe. Kila mmoja alisoma mstari wake, na mama naye akafika kwenye wake.

"Ma-ma a-li-dha-ni..."

Kidole kilisimama ubaoni.

"Mwanangu, hapa umeandika nini?"

"Mama alidhani ni dawa ya minyoo."

"Mama yupi?"

Kina mama walicheka. Mama hakucheka.

"Nilikuonyesha mfuko," alisema. "Wewe ulikuwa umejilaza kwenye mkeka. Nikakuuliza, hii ni dawa gani?"

Kitinda alikuwa benchi la mbele, anakunywa maji, ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Mbele ya Bibi Shamba nilikuficha," mama alisema. "Lakini hapa watu wanajifunza."

Nilitafuta mzaha. Sikuupata.

"Nilisema ni ya minyoo," nilisema. "Nilisema misheni imechoka kuona matumbo yetu. Sikuinuka kutazama mfuko. Nilitaka kucheka tu, halafu nikatoka kwenda kula."

Katekista alinipa kitambaa cha kufutia. Nilifuta mstari wote, nikaandika mwingine, herufi kubwa kubwa ili zisomeke.

Mama alirudisha kidole.

"Mwa-na-we a-li-mwa-mbi-a," alisoma. Akarudia bila kukata. "Mwanawe alimwambia ni dawa ya minyoo."

Kisha akashuka kwenye mstari unaofuata, ule wa kuosha mbegu.