Chupa Moja ya Kufikia Hospitali

Saa kumi na mbili na robo jioni pikipiki ilikohoa, ikakata. Mwendeshaji akainama, akageuza koki ya mafuta kwenye akiba. Injini ikashika tena. Akiba hiyo aliijua: kilomita thelathini, akiibembeleza. Hospitali ilikuwa mbali zaidi ya mara nne ya hapo, na vituo viwili vya mwisho alivyopita vilikuwa vimekauka.

Alikuwa kinyozi, na saluni kwake walimwita Nusu Lita. Ni mtu wa kuzima injini kila mteremko, kulala juu ya tenki upepo umpite mgongoni, na kutoongeza mwendo ghafla hata akifukuzwa na mbwa. Safari hii hakubania kwa mazoea. Aliondoka alfajiri baada ya simu ya shemeji yake: dada amejifungua, mtoto mzima, lakini damu haikomi, na damu ya kundi lake hospitali haipo.

"Ni wewe tu, shemeji. Mko wawili tu wenye damu hiyo."

Tangu hapo alikuwa barabarani. Vidole vimekufa ganzi, kiuno kimekuwa cha mtu mwingine.

Meza ilikuwa pembeni ya lami, peke yake, hakuna nyumba karibu. Juu yake chupa moja. Nyuma yake mwanamke mtu mzima, ameketi.

"Shikamoo, mama. Una petroli?"

"Marahaba. Unakwenda mbali?"

"Hospitali. Dada yangu anavuja damu."

"Hii itakufikisha."

Akacheka kwa uchovu. "Chupa moja? Mama, mimi naitwa Nusu Lita, lakini hata mimi sijafika huko."

Mwanamke hakucheka. Alisimama, akaimimina yote. Haikunuka petroli. Ilinuka chuma, kama misumari iliyolowa. Kinyozi alipotia mkono mfukoni, mwanamke aliuzuia. Kisha akamminya paja, taratibu, kama mtu anayechagua mbuzi mnadani.

"Weka hela zako," akanong'ona. "Wewe mwenyewe unatosha."

Mfa maji hushika maji. Akawasha, akaondoka.

Kilomita hamsini baadaye mshale wa mafuta haukuwa umeshuka.

Ulikuwa umepanda.

Akamshukuru Mungu kwa sauti. Mara pikipiki ikaanza kumshinda. Springi za nyuma alizikaza mwenyewe kulingana na uzito wake. Sasa kila shimo lilimrusha kutoka kwenye kiti. Upepo wa ubavuni, ambao mchana kutwa aliuegemea bila kufikiri, ulimsukuma hadi mstari wa katikati. Kwenye kona alilaza mwili wote na pikipiki haikutaka kulala. Hivyo ndivyo inavyokwenda ikiwa chini ya mtoto.

Kofia ngumu ikazunguka kichwani. Suruali ikateleza kiunoni. Pete ikachomoka kidoleni. Hakusikia hata ilipoanguka.

Akasimama. Akazima.

Kimya... lakini si kimya kabisa.

Akaweka kiganja juu ya tenki. Lilikuwa na joto. Hilo si ajabu, injini iko chini yake. Ila chini ya kiganja kitu kilipiga. Kikatulia. Kikapiga.

Akagusa mshipa wa shingo yake kwa mkono wa pili.

Vilipiga pamoja.

Simu ikalia. "Shemeji, umefika wapi?"

"Nipo karibu."

"Wahi, ndugu yangu. Anasema anasikia baridi."

Zilibaki kilomita thelathini. Akiendesha, angewahi, lakini angefika mtupu, hana cha kutoa. Akitembea, dada asingemsubiri. Ilibaki kuomba lifti. Alikaa chini kando ya pikipiki. Kisha akauchomoa mpira wa mafuta chini ya tenki, akaacha kilichomo kitoke. Kilitoka kizito, kwa mikupuo. Hakuwasha tochi.

Lori la saruji lilimkuta ameketi hapo hapo.

"Mzee, umeishiwa mafuta?" dereva aliuliza. Kinyozi alikuwa na miaka thelathini na mbili.

"Mafuta yalikuwepo. Nipeleke hospitali tu. Pikipiki iache."

"Uiache barabarani? Una wazimu, wewe?" Dereva na utingo wake wakaibeba, wakaitupa juu ya mifuko. "Nyepesi hii, haina hata tone."

Hospitalini mwuguzi alimpandisha kwenye mzani. Kilo hamsini na moja. "Chini ya hamsini ningekurudisha," alisema. Kinyozi alikuwa na kilo sabini na nne wiki iliyopita. Wakapima damu, ikaonekana safi. Wakatoa mfuko mmoja. Ukapelekwa kwa dada, ukaingia wote.

Kulipokucha dada alikuwa amekaa kitandani, mtoto amelala pembeni yake. Damu imekoma.

"Nusu Lita," alisema. "Mbona umekonda hivyo? Ulikuja kwa miguu?"

"Nilikuwa nabana matumizi."

Shemeji akacheka hadi akafuta machozi. Dada akacheka pia, kisha akashika kichwa. "Kaka, mbona najisikia mwepesi?"

Dereva wa lori alichungulia mlangoni, amevua kofia. "Samahanini. Mzee, pikipiki yako nimeishusha pale getini. Si tenki lilikuwa tupu? Limejaa mpaka linafurika kwenye mfuniko. Na lina harufu... sijui ya nini."

Kinyozi aliondoka kumtafuta mwuguzi, akishikilia ukuta.

"Nakuomba umpime dada yangu uzito."

"Wa nini? Anaendelea vizuri."

"Nakuomba."

Mwuguzi alikuwa mwisho wa zamu, hakuwa na nguvu za kubishana. Alileta mzani, akamsaidia dada kusimama juu yake. Akatazama namba. Akatazama uzito wa jana kwenye karatasi iliyoning'inia kitandani. Akamshusha, akampandisha tena.

Kisha akaenda wodi ya pili kuazima mzani mwingine.