Gauni la Asiye na Mwili

Sogeeni, enyi mnaosikia. Aliye mlangoni na aingie, aliye na mtoto na ampakate, na aliyekuja na kicheko mdomoni akimeze kwanza, kwa maana nililolibeba leo si la kuchekea. Ni habari ya mwanamke aliyefungua mlango ambao Mwenyezi aliufunga, akaufungua peke yake, kwa mkono wake, akijua. Wala msimwokotee mawe kabla sijamaliza. Baadhi yenu mmevaa nguo alizozishona.

Mambo yalianza kwa neno dogo la kinyozi. Kibanda chake kilishiriki ukuta na chumba cha fundi huyo wa kushona, na asubuhi moja alimsubiri kizingitini, brashi mkononi.

"Fundi, siku hizi tunapishana kama nguzo? Jana alasiri nimekusalimia hadi mteja akaniuliza kama naongea na ukuta."

"Jana alasiri nilikuwa humu ndani, napiga pasi."

"Basi una pacha. Tena afadhali yeye, hakunji uso."

Fundi alimcheka kwa pua, akaingia ndani. Lakini alipofika kwenye meza ya kukatia alinusa harufu ya kitambaa kilichoungua, na pasi ilikuwa ya baridi, na hapakuwa na nguo iliyoungua.

Sasa niwaambie alikuwa mtu gani. Alikuwa mwanamke wa makamo asiye na mume wala mtoto, mkali wa ulimi, mwaminifu wa kazi. Na alikuwa mchawi. Sisemi kwa uvumi. Yeye mwenyewe alilisema, na aliyokuwa akiyawaza akiwa peke yake na cherehani yake aliyatamka baadaye kwa kinywa chake, bila kuinamisha kichwa:

"Wanasema mchawi lazima awe na kundi la kucheza nalo makaburini. Mimi makaburini sijakanyaga tangu tulipomzika mama. Sikurithishwa mkoba, sikufundishwa na mtu. Nilinyamaza tu nikasikiliza, na nilichokisikiliza kikanisikiliza. Bibi harusi akiniletea kitambaa, nanong'ona kwenye pindo ili aliyemchagua asimchoke. Anayetafuta kazi, nanong'ona kwenye kola ili wamtazame usoni. Wao wakikusanyika na kupaza sauti wanaita imani. Mimi nikinong'ona na pini mdomoni wanaita uchawi. Basi na waite. Nani kati yao amewahi kunirudishia nguo?"

Maneno hayo yana makali, wapendwa, nami sitajifanya kwamba hayakunichoma. Wengi wetu twapaza sauti na mioyo yetu iko sokoni. Lakini tofauti haikuwa katika sauti. Ilikuwa katika yule aliyeitwa. Mwanamke huyu hakumuuliza anayemjibu kuwa ni nani na ametoka wapi; alikuwa mpweke, akajibiwa, akafurahi. Hapo ndipo mguu wake ulipoteleza, naye hadi leo hakubali kwamba uliteleza.

Mvua zilipoanza, aliyekuwa akimjibu alilalamika baridi. Sauti yake ilitoka ndani ya mngurumo wa cherehani: "Watu wote unawavisha. Mimi peke yangu niko uchi." Na fundi akamwonea huruma. Ndiyo, huruma, maana hata huruma ikielekezwa kusikofaa huzaa mauti.

Mnajua desturi ya mafundi. Mteja asipofika kupimwa, hutafutwa mtu anayefanana naye kwa umbo, nguo ikakatwa kwa kipimo cha huyo. Lakini aliyemlilia baridi alikuwa jini, na jini hana bega wala kiuno. Fundi akajizungushia tepu mwenyewe, akakata kitambaa cha kijivu kwa kipimo chake, akashona gauni la mikono mirefu, akalitundika nyuma ya mlango wa chumba cha ndani. Lilikuwa kosa la fundi zaidi ya kosa la mchawi, kwa kuwa mchawi aliyefundwa angejua kwamba asiye na mwili hapewi kipimo cha mwenye mwili. Kuanzia hapo, alasiri nyingine alikuta msumari mtupu nyuma ya mlango, na jioni gauni limerudi, la baridi kama mtungi. Naye hakushtuka. Alijiona mtu mkubwa, fundi ambaye hata wasioonekana huvaa kazi yake.

Kisha akaja mdogo wake. Huyo alikuwa mjane, mpishi wa shule, mwenye binti mmoja tu duniani, na binti huyo kwa wingi wa maneno waliita Chiriku.

"Dada, kama umenuna, niambie nimekukosea nini," alisema mdogo mtu, mwavuli ukimtiririka. "Unakuja kwangu nikiwa kazini, unakaa na mtoto, unaondoka. Hata chai huonji."

Fundi alitoa pini mdomoni polepole. "Nani kasema nimekuja kwako?"

"Mama mkubwa, si ulinipima?" akadakia Chiriku. "Ulinipima shingo. Mkono wako ulikuwa wa baridi, na ulikuwa unanuka pasi. Nikakuuliza unanishonea nini, rangi gani, lina mifuko, wewe kimya. Mimi nataka mifuko. Miwili. Mwenzangu la kwake lina mmoja na anaringa."

Mngeuona uso wa fundi wakati ule mngemhurumia. Pale pale angeweza kusema. Dada yake alikuwa mbele yake, mlango umefungwa, hakuna mgeni. Lakini maisha yake yote alikuwa amejiambia kwamba hahitaji mtu, na kiburi kikizoea nyumba hakihami kwa kugongewa mara moja.

"Mifuko itakuwepo," alisema. "Haya, nendeni, nina kazi."

Kesho yake Chiriku aliamka hana sauti. Daktari alimmulika koo akasema ni safi. Baada ya hapo bega likawa zito, mkono wa kulia ukaning'inia kama mkono wa shati, na mtoto, kwa kuwa hawezi kusema, alimwonyesha mama yake kwa kidole cha kushoto: hapa nilizungushiwa tepu, na hapa. Mama hakuelewa. Fundi alielewa, kwa sababu juu ya meza yake ya kukatia alikuta kitambaa kipya cha kijivu kimetandikwa, na juu yake alama za chaki, za shingo na za bega, kwa mwandiko wake mwenyewe, na mahali pa kifua pameachwa wazi.

"Hili gauni la kipimo chako limekuwa kuukuu," ilisema sauti, na cherehani ilikuwa ikizunguka bila mguu kuikanyaga. "Nishonee dogo. Kifua nitakipima kesho."

"Sishoni," alisema fundi.

"Ulikuwa hunikatalii."

"Nimeanza leo. Mtoto yule humgusi. Nilikukaribisha mimi, si yeye, na hiki ni chumba changu, na mkasi ni wangu, na nikisema sishoni, sishoni."

Sauti ilicheka kwa kicheko cha fundi mwenyewe, kile cha pua.

Basi fundi akalishusha gauni, akalifumua mshono kwa mshono hadi likawa vipande, akageuka kuchukua mkasi, na alipogeuka tena lilikuwa limetundikwa msumarini, zima. Akalichoma ndani ya karai uani, na alipokwenda kumwaga majivu akalikuta limekunjwa chini yake, limepigwa pasi vizuri kuliko alivyowahi kulipiga yeye. Akalikata kwa mkasi mkubwa kuanzia shingo hadi pindo, naye akauona kwa macho yake mshono ukijifunga nyuma ya mkasi kama maji yanavyojifunga nyuma ya kijiko, huku harufu ya kuungua ikijaa chumba hata kinyozi akagonga ukuta kuuliza kama kuna salama, na hapo ndipo akili ilipomjia kwamba gauni halitafumuliwa na mkono uliolishona, kwa kuwa mkono ule na gauni lile sasa vilikuwa kitu kimoja, cha kipimo kimoja, na kwamba katika dunia nzima kuna mkono mmoja tu ambao angeweza kuuomba, mkono usiojua hata kushika sindano, na kuuomba ni kusema yote.

Alikwenda kwa mdogo wake. Alirudi nao chumbani kwake kesho yake, mchana wa mvua, mama na mtoto, akamlaza Chiriku kwenye benchi, akafunga mlango.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?" mdogo wake alinong'ona.

"Wanachonisema watu. Ni kweli. Mimi ni mchawi, na nilichokifuga ndicho kinachompima mwanao. Usinitolee macho, hatuna muda. Kimesema leo ni kifua."

Mdogo mtu alimpiga kofi. Lilisikika hadi kwa kinyozi. Fundi hakuliinulia mkono.

"Umemaliza? Sasa kaa, shika wembe. Utafumua wewe, mimi siwezi."

"Mimi hata kifungo sijawahi kushona."

"Ndiyo maana."

Akamwekea gauni mapajani. Mdogo mtu akaanza, midomo ikimtaja Mungu bila sauti, na mshono wa kwanza ulipofunguka haukurudi. Ndipo kutoka chumba cha ndani, ambamo hamkuwa na mtu, ikaja sauti ya dada yake, laini, yenye machozi.

"Mdogo wangu. Acha. Nimekatwa kwa kipimo cha dada yako. Unachokikata huku kinakatika kwake."

Mdogo mtu akatazama, akaona mstari mwekundu umejichora kwenye bega la fundi, pale pale ulipokuwa mshono.

"Dada, unatoka damu."

"Naona. Endelea. Na usivute hivyo, utachana kitambaa."

"Mdogo wangu kipenzi," ilisema sauti, na mlango wa ndani ukafunguka kiasi cha mtu kuchungulia, na harufu ikaja, na baridi, na kitu cha kimo cha fundi kikasimama pale gizani bila kuvaa chochote wala kuwa na chochote cha kuvika, "nisamehe kwa miaka yote niliyokuacha peke yako na msiba wako, nilikupenda tangu tulipolala mkeka mmoja, njoo unishike mkono, weka wembe chini, nami sitakuacha tena, sitakuacha, sitakuacha."

Wembe ukasimama. Mama yule alikuwa akilia. "Hayo hujawahi kuniambia," alimwambia fundi. "Tangu mume wangu afe, hata siku moja."

"Sijawahi," alisema fundi, amejishika mbavu, mistari ikimfika kiunoni. "Fumua kwanza."

Na hapo mdogo mtu akajua ndugu yake ni yupi. Akainamia kazi. Akafumua mkono wa kulia, akafumua wa kushoto, akafumua kwapa na kiuno, na kile kilichosimama mlangoni kikawa kinapungua kama nguo inayovuliwa na mtu asiyeonekana, sauti yake ikibadilika kutoka kubembeleza kwenda kutukana, na kutoka kutukana kwenda kwenye mngurumo mtupu wa cherehani, hadi pindo la mwisho lilipoachia, na mngurumo ukakatika, na chumba kikanuka mvua tu.

Kwenye benchi, sauti iliyokauka ikasema, "Mama, kwa nini Mama mkubwa amekaa chini? Na mbona mnalia? Na nina njaa. Na lile gauni silitaki tena."

Fundi alikuwa sakafuni, hai. Aliokota kipande kimoja, akakitazama jinsi kilivyochanika.

"Umeniharibia kitambaa kizuri," alimwambia mdogo wake. Kisha akamshika mkono, na hakuuachia hadi jioni.

Nilimwendea baadaye na Maandiko yangu. Alinisikiliza, mistari ikiwa bado shingoni mwake. "Nimeacha," alisema. "Lakini usinipeleke mbele ya watu wako wanipigie makofi. Sijutii kwamba nilisikiliza. Najutia kwamba nilinyamaza mtoto alipokuwa mbele yangu." Nilimwambia kwamba yote mawili yanataka toba. Namwombea, nami nawakataza kumtukana, kwa maana alipoambiwa achague kati ya fahari yake na uhai wa mtoto, aliivua fahari mbele ya ndugu yake, na damu ikamtoka.

Lakini wewe unayenisikia, ambaye hukumfuga jini na una chako unachokilisha mlango ukiwa umefungwa: unasubiri kimguse nani? Usiseme utakimudu mwenyewe. Inuka sasa hivi, mtafute yule uliyemficha siri hiyo, umwambie kwa kinywa chako, hata kama atakupiga kofi. Tubu ungali na mtu wa kumwambia.